Wakuu, namba moja inanivuruga: niitoe au niiache?

Pimapima (mleta uzi): Habari zenu wakuu. Nina muda wa kumaliza kazi, kwa sekunde, wa kundi moja kati ya mawili ninayolinganisha: 12, 14, 13, 15, 14, 13, 16, 12, 15, 140. Mshiriki namba 12 ndiye mwenye hiyo 140. Wastani umeruka hadi 26.4. Nimeambiwa thamani hutolewa alama z (umbali wake kutoka wastani, ukigawanywa kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika) ikivuka 3, na yake ni 2.84. Basi ibaki? Kesho nakabidhi kazi.

Mzee wa Mediani: Hiyo z haiwezi kuvuka 3 hata ungeandika milioni. Kwa vipimo n, z ya juu kabisa ni n kutoa 1, gawanya kwa kipeuo cha pili cha n. Vipimo 10 vinakupa 2.846, basi. Thamani iliyojitenga inauvuta wastani, inautanua mkengeuko sanifu, kisha inajificha humo humo. Tumia mediani, namba ya katikati ukizipanga kwa ukubwa. Yako ni 14. Pima umbali wa kila namba kutoka 14, tafuta mediani ya umbali huo: 1. 140 iko mbali na 14 kwa 126. Sasa 0.6745 (kizidisho cha kuifanya ilingane na z) × 126 ÷ 1 ni 85, na kikomo cha kawaida ni 3.5.

Kisanduku: Njia ya robo ni nyepesi zaidi. Robo ya kwanza (mediani ya nusu ya chini) 13, ya tatu (mediani ya nusu ya juu) 15, tofauti 2, mara 1.5 ni 3. Uzio, yaani mipaka ambayo namba ikiivuka inatiwa alama, ni 10 na 18. Ila watu wanautumia vibaya mno! Hata data safi yenye umbo la kengele, uzio huu hutia alama takriban 0.7% ya thamani, yaani kama saba katika elfu zisizo na kosa lolote. Na ukifuta halafu ukapiga hesabu upya, uzio unabana, unafuta nyingine.

Dadisi: Samahani, mimi naona chai hapa. Mshiriki namba 12 katika orodha ya namba 10? Na muda uliopimwa unatokaje sekunde kamili mara zote kumi? Namba zimetungwa hizi.

Pimapima: Sijatunga mkuu. Desimali nimeziondoa ili zisomeke. Walikuwa 12, wawili nilishawatoa: 21.7 na 23.4. Bila wao na bila 140, p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kama hii ikiwa makundi kwa kweli hayatofautiani) ni 0.03. Nikiwarudisha hao wawili inapanda hadi 0.09. Walikuwa wazembe tu. Kundi la pili sikumgusa mtu, halikuwa na shida.

Dadisi: Basi la kutunga nalifuta. Fungua fomu ya namba 12. Ikiwa wenzake wote wana desimali, 14.0 iliyopoteza nukta inaingia kama 140. Kagua pia 99 na 999, mara nyingi ni alama ya jibu lililokosekana.

Pimapima: Fomu inasema 14.0! Asante sana. Lakini wale wawili, si uzio wenyewe unawakataa?

Kisanduku: Unawatia alama, ndiyo. Ukiwarudisha wote 12, robo ni 13 na 15.5, uzio wa juu 19.25. Alama hiyo inakutuma ukakague fomu. Ile 140 ina kosa lililoandikwa. Hawa wana nini zaidi ya kuharibu p? Uzembe uliouona kwa kundi moja tu si kipimo.

Mzee wa Mediani: Na data za muda huwa na mkia mrefu kulia, yaani wachache huchelewa mno. Chukua logi (logarithm) ya kila muda, makundi yote mawili, ndipo ukague. Kwa namba ulizoweka, alama ya 23.4 kwa njia yangu ya mediani inashuka kutoka 6.3 hadi kama 4.7. Bado iko juu ya 3.5, lakini haitishi tena kama mwanzo. Linganisha makundi kwa jaribio la Mann-Whitney, linalotazama nafasi za namba, si ukubwa wake. Faili ghafi usiliguse. Weka safu ya pembeni ya kutia alama.

Pimapima: Kwa hiyo niandike 0.09?

Mzee wa Mediani: Hapana, hiyo uliipata kabla ya kurudisha 14.0. Piga hesabu upya na watu wote 12, hayo ndiyo matokeo makuu. Ya bila hao wawili yaweke chini yake, useme nani katolewa na kwa nini.