Ushauri: Duka la GOG limebadilisha mmiliki. Niendelee kununua michezo ya zamani, au nihifadhi kwanza niliyonayo?

Mtoto wa Makorora:

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wenu kuhusu jambo ambalo limeninyima raha tangu niliposoma habari zake.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinunua michezo ya zamani ya kompyuta katika duka la GOG la nchini Poland, na sababu yangu kubwa ni moja: ukishanunua mchezo unapakua kisakinishi chake, yaani faili la kuuweka kwenye kompyuta, unakihifadhi kwenye diski yako, na kuanzia hapo huhitaji intaneti, akaunti wala ruhusa ya mtu yeyote ili ucheze. Kwa sisi tunaonunua bando kwa wiki, hilo si jambo dogo. Maduka mengi makubwa yanakuuzia leseni iliyofungwa kwenye akaunti, na siku akaunti itakapofungwa au seva itakapozimwa, fedha yako imekwenda na mchezo umekwenda nayo.

Mwishoni mwa Desemba 2025 kampuni ya CD Projekt ilitangaza kwamba imemuuzia Michał Kiciński duka lote la GOG kwa zloti (fedha ya Poland) milioni 90.7. Najua kwamba Kiciński si mgeni, kwa kuwa yeye na Marcin Iwiński ndio walioianzisha CD Projekt mwaka 1994, na yumo pia miongoni mwa walioliasisi GOG mwaka 2008. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba hapo awali duka lilikuwa chini ya kampuni iliyotengeneza *The Witcher* na *Cyberpunk 2077*, yaani kampuni yenye uwezo wa kuziba pengo pale duka lilipopata hasara, kama ilivyotokea mwaka 2021. Sasa linajitegemea.

Nimetenga fedha kidogo, na haitoshi kufanya mambo mawili. Je, ninunue diski ngumu ya nje nipakue kila nilichonacho, au nitumie punguzo lijalo kuongeza michezo? Mdogo wangu anasisitiza kwamba nihamie Steam moja kwa moja, kwa hoja kwamba duka kubwa kiasi hicho haliwezi kufa. Naomba mawazo ya waliofuatilia mambo haya kwa karibu.

Mwana wa Likoni:

Mkuu, nunua diski kwanza, wala usisubiri punguzo.

Mkataba wa watumiaji wa GOG unasema kwamba ikiwa watalazimika kusitisha huduma moja kwa moja, watajaribu kutoa taarifa siku 60 kabla, ili wateja wapate muda wa kupakua walichonunua. Litazame vizuri neno «watajaribu», kisha ujiulize kasi ya upakuaji itakuwaje pale ambapo wateja wa dunia nzima watakuwa wanavuta mafaili yao ndani ya miezi hiyo miwili, na wewe unategemea bando. Mwaka 2015 kampuni iliyomiliki duka la Desura, ambalo nalo lilipendwa na watengenezaji wadogo, iliomba kinga ya kufilisika, na waliokuwa wameacha michezo yao huko kwa kuamini kwamba itakuwepo siku zote walibaki wakihangaika.

Sisemi kwamba GOG iko njiani kufa. Ninachosema ni kwamba uhuru wa kupakua usioutumia haukusaidii siku ya mwisho.

Bi Mkubwa wa Disketi:

Mwanangu, nakuunga mkono kuhusu diski, lakini naona mnatazama hatari ndogo na kuiacha iliyo kubwa. Duka kufungwa ni tukio ambalo huenda lisitokee kabisa. Michezo kuondolewa dukani mmoja mmoja kwa sababu ya hakimiliki hutokea mara kwa mara, hata pale ambapo duka lenyewe lina afya njema.

Mwishoni mwa mwaka 2013 michezo ya mwanzo ya *Fallout* iliondolewa GOG baada ya haki zake kuhamia kwa mmiliki mwingine, na ilichukua muda kabla ya kurejea. Desemba 2024 kampuni ya Blizzard iliondoa michezo yake ya *Warcraft* ya kwanza na ya pili. Katika matukio hayo yote mawili waliokuwa wamekwisha kununua waliendelea kuipakua, na kuhusu *Warcraft* duka liliahidi hata kuendelea kuitengeneza ili ifanye kazi kwenye kompyuta mpya. Aliyekuwa akisema «nitanunua mwezi ujao» ndiye aliyekosa.

Ili uone jinsi haki hizi zinavyoweza kupotelea gizani, chukua *System Shock 2* ya mwaka 1999. Kampuni ya Looking Glass Studios, iliyoshiriki kuitengeneza, ilifungwa mwaka 2000, na haki za mchezo zikaangukia mikononi mwa kampuni ya bima, ambayo haikuwa na shughuli yoyote ya michezo. Kwa zaidi ya miaka kumi hapakuwa na mahali halali pa kuununua, ilhali kila aliyeandika historia ya michezo ya kutisha aliutaja. Mwaka 2012 kijana mmoja aitwaye Stephen Kick, aliyekuwa safarini Amerika ya Kati, alitaka kuucheza akaukosa, akaanza kuulizia nani anaumiliki, na mwishowe akafikia makubaliano na ile kampuni ya bima. Februari 2013 ukaanza kuuzwa GOG, na kampuni yake ya Night Dive ikazaliwa kutokana na jambo hilo. Yaani mchezo mzima uliokolewa kwa sababu mtu mmoja alikuwa na hamu ya kuucheza na subira ya kuandika barua.

Kick huyo huyo alijaribu kufanya hivyo kwa *No One Lives Forever* ya mwaka 2000, ambayo haki zake zilikuwa zimetawanyika kati ya makampuni makubwa kadhaa, na hakufanikiwa. Hadi leo hauuzwi popote. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani. Kwa hiyo, mwanangu, usilifunge pochi lako kabisa. Ukiona mchezo unaoupenda na ambao umiliki wake umepita mikono mingi, ununue ungali upo.

Kibodi Kongwe:

Nimeusoma mjadala kwa makini, na kwa heshima zote kwa Bi Mkubwa na Mwana wa Likoni, naona kuna upande mmoja ambao haujaguswa. Mnazungumza kana kwamba ukishakuwa na faili kabatini kazi imekwisha.

Mwaka 2015 Microsoft iliondoa katika Windows 10 uwezo wa kuendesha SafeDisc, ulinzi wa kuzuia kunakili uliotumika kwenye CD nyingi za michezo ya miaka ya 2000, kwa sababu programu yake ya ndani ilikuwa tundu la usalama. Watu wenye masanduku halisi, CD zisizo na mkwaruzo na risiti zao, waliamka wakakuta michezo yao haifunguki. Walikuwa na mali mkononi, lakini chombo cha kuiendeshea kilikuwa kimebadilika. Mchezo wa zamani ni sawa na jahazi la mbao: usipoukalafati kila baada ya muda, hata kama umeuweka mahali salama, siku ya kuushusha majini utavuja.

Kazi hiyo ya kukalafati ndiyo GOG inayoifanya, na ina gharama. Michezo ya enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, wanaifungashia DOSBox, programu inayoiga kompyuta za enzi hizo, iliyokwisha kuwekewa mipangilio. Ile ya kuelekeza na kubofya mara nyingi inaendeshwa na ScummVM, programu inayoifungua kwenye kompyuta za leo. Ile ya miaka ya mwisho ya 1990, iliyoandikwa kwa kadi za picha ambazo hazitengenezwi tena, inahitaji tabaka la kutafsiri amri zake ili kadi za leo zizielewe. Novemba 2024 walianzisha mpango maalumu wa kuhifadhi michezo, wakianza na michezo 100 ambayo waliahidi kuijaribu na kuirekebisha kila mifumo ya kompyuta inapobadilika. Programu kama DOSBox na ScummVM ni kazi ya wanaojitolea, na zitabaki hata duka likiondoka, jambo ambalo linanipa faraja ya kweli. Lakini mtu wa kukaa na mchezo mmoja wa mwaka 1998 kwa wiki nzima hadi sauti yake isikatike hulipwa mshahara, na mshahara huo unatokana na manunuzi yetu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni tofauti kidogo: pakua, ndiyo, lakini endelea kununua, hata kama ni mchezo mmoja tu katika kila punguzo. Tukiacha wote kununua kwa hofu kwamba duka litakufa, ni sisi tutakaokuwa tumeliua.

Mwana wa Likoni:

Kibodi Kongwe, hoja yako naikubali, ila mleta mada ametuambia wazi kwamba fedha yake haitoshi kwa yote mawili. Diski hununuliwa mara moja; punguzo hurudi kila msimu.

Kibodi Kongwe:

Hapo ni kweli. Aanze na diski basi, na punguzo la msimu unaofuata liwe zamu ya duka.

Hati na Sheria:

Nichangie kuhusu wazo la mdogo wako, kwa kuwa linasikika mara nyingi.

Ukubwa wa duka unalinda duka, haulindi leseni yako. Aprili 2024 kampuni ya Ubisoft ilianza kuwaondolea wateja leseni za mchezo wa *The Crew* baada ya kuzima seva zake mwishoni mwa Machi, ingawa Ubisoft yenyewe ni kampuni kubwa na inaendelea na biashara. Tukio hilo ndilo lililozaa kampeni ya Stop Killing Games, ambayo ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka sahihi milioni 1 mnamo Julai 2025. Huko California nako ilipitishwa sheria, inayotumika tangu Januari 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mnunuzi waziwazi pale anapopata leseni tu na si umiliki. Sheria hiyo inawaachilia wale wanaompa mnunuzi nakala ya kudumu ambayo anaweza kuipakua na kuitumia bila muuzaji kuwa na uwezo wa kuizuia baadaye.

Kwa haki, niseme mambo mawili. Kwanza, kwa lugha ya kisheria hata GOG inakupa leseni. Tofauti ni kwamba hakuna mkono unaoweza kufika kwenye diski yako na kukizuia kisakinishi. Pili, Steam nako ipo michezo ambayo haina kufuli lolote na inafunguka hata programu ya duka ikiwa imezimwa, lakini lazima uichunguze mmoja mmoja. GOG imeifanya hiyo kuwa kanuni ya duka zima, na baada ya mauzo wametangaza kwamba haibadiliki. Mwambie mdogo wako kwamba hana haja ya kuchagua kambi, bali aulize swali moja kabla ya kulipa: intaneti ikikatika, je, mchezo huu utafunguka?

Mtoto wa Makorora:

Nawashukuru sana nyote. Nimeridhika kwamba diski ndiyo itangulie. Bi Mkubwa, maelezo yako ya *System Shock 2* nimemsomea mdogo wangu, na amekubali walau kuusikiliza upande wetu.

Nina swali la utendaji. Nilipojaribu kupakua mchezo mmoja mkubwa nilipata faili moja la exe na mengine kadhaa yenye mwisho wa bin. Je, yote ni ya lazima? Na nitajuaje kwamba faili limeshuka zima, hasa pale mtandao unapokatika katikati?

Bi Mkubwa wa Disketi:

Yote ni ya lazima. Faili la exe ndilo linaloanzisha kazi, na yale ya bin ndiyo yaliyobeba mchezo wenyewe. Hukatwa vipande visivyozidi GB 4 ili yaweze kukaa hata kwenye flashi zilizopangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili kubwa kuliko hapo. Yaweke katika folda moja na usiyabadilishe majina, kwa sababu exe huyatafuta kwa majina hayo hayo. Diski ikiwa mpya, ipange (format) kwa mfumo wa exFAT ili uweze kuisoma kwenye Windows, Mac na Linux bila usumbufu. Nunua diski ngumu ya kawaida inayozunguka badala ya SSD (diski isiyo na kinachozunguka ndani), kwani SSD ikikaa kabatini muda mrefu bila umeme inaweza kupoteza data.

Kuhusu kuhakiki, visakinishi vingi vya Windows vina saini ya kidijitali. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua sehemu ya sifa zake, na utaona kama saini ni halali. Njia ya uhakika zaidi ni kuzima intaneti, kusakinisha mchezo kutoka kwenye diski ya nje na kuucheza kidogo. Wanaotumia Linux wana programu huria iitwayo lgogdownloader, ambayo inalinganisha kila faili na alama zake zilizo kwenye seva na kuendelea pale ilipokatikia. Kwa mtu wa bando hiyo ni msaada mkubwa. Usisahau vile vya ziada, yaani vitabu vya maelekezo, ramani na muziki, ambavyo havimo ndani ya kisakinishi.

Anza na michezo ya miaka ya 1990, kwa kuwa mingi haifikii hata GB 1, na miongoni mwa hiyo tanguliza ile ambayo kampuni iliyoitengeneza imekwisha kufungwa. Ile mikubwa ya miaka ya karibuni iache mwisho, usiku wa bando la bei nafuu.