Tupeane uzoefu: kumtafuta babu aliyehama Norwei kwenda Marekani

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, baadhi yetu tunaoishi Minnesota, Wisconsin na Dakota tumeoa au kuolewa katika koo zenye asili ya Norwei, na sasa watoto wanauliza habari za upande ule. Aliyewahi kumtafuta mhamiaji wa aina hiyo naomba aeleze alianzia wapi na alikwama wapi.

Ukoo wa mume wangu unatumia jina la Haugen, na jina hilo halikunisaidia kitu. Kabla ya sheria ya majina ya 1923, Wanorwei wengi wa mashambani walitajwa kwa jina la baba, kama watu wa pwani wanavyoitana fulani bin fulani, kisha likafuata jina la shamba walikoishi. Aliyehamia shamba jingine aliweza kubadili na jina, na mashamba yaitwayo Haugen yametapakaa nchi nzima. Sensa za Marekani nazo ziliandika tu kwamba amezaliwa Norwei. Fundo lilifunguka katika kitabu cha mazishi cha usharika wa Kilutheri uliomzika babu huyo huku Minnesota, kwa kuwa mchungaji, naye akiwa mhamiaji, aliandika usharika aliozaliwa marehemu. Ndiyo maana nashauri makaratasi ya Marekani yamalizwe kwanza.

Nikiwa na jina la usharika, niliingia Digitalarkivet, tovuti ya nyaraka za taifa ya Norwei isiyotoza hata senti, nikafungua sensa ya 1865. Baba yake alikuwa mpangaji aliyelipia kipande chake cha ardhi kwa kufanya kazi katika shamba la mwenyewe, na karani aliandika mpaka mifugo: ng'ombe wawili, kondoo kadhaa, kisha mbegu za shayiri na viazi zilizopandwa. Kwa nyumba yenye watoto wengi, sikuhitaji maelezo zaidi ya kwa nini kijana aliondoka.

Mchangiaji wa Oslo

Dada, nakuunga mkono, ila usiishie kwenye sensa. Vitabu vya kanisa ndivyo vyenye kina, maana mchungaji wa Norwei alifanya pia kazi ya msajili wa serikali. Aliandika ubatizo pamoja na majina ya wazazi na wadhamini. Kisha kipaimara, ambapo mara nyingi utakuta hata tarehe ambayo kijana alichanjwa ndui. Na kwingineko orodha ya waliohama usharika, ambamo Amerika imetajwa kuwa ndiko wanakokwenda.

Wadhamini msiwaruke. Katika ukoo wa mke wangu, kaka wa mhamiaji alikuwa hajulikani aliko kwa sababu alihamia shamba jingine na kuchukua jina lake, lakini alijitokeza akiwa mdhamini katika ubatizo wa mpwa wake, na kizazi chake bado kipo bonde lilelile. Mwandiko wa Kigothi, yaani herufi za kale zilizotumika katika vitabu hivyo, unachosha macho mwanzoni. Jifunzeni kwanza namna mchungaji mmoja alivyoandika majina ya kawaida, mengine yatafuata. Polisi nao walisajili wahamiaji, Kristiania (ndiyo Oslo ya leo) tangu 1867 na Bergen tangu 1874, wakiandika umri, makazi na mwisho wa safari.

Mchangiaji wa Wisconsin

Mimi naongeza jambo moja kuhusu meli. Watu wengi hukimbilia orodha za Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji bandarini New York, kumbe kituo hicho kilifunguliwa 1892, wakati wimbi kubwa la Wanorwei lilikuwa limeshaanza miongo kadhaa nyuma. Wa kwetu hakupitia New York kabisa. Alishuka Quebec, Kanada, kama walivyofanya wengi wa miaka ya 1850 na 1860, akaendelea kwa njia ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini hadi Wisconsin. Orodha za abiria wa Quebec zilizohifadhiwa zinaanza 1865, kwa hiyo kwa waliotangulia mwaka huo itabidi mtegemee kitabu cha usharika walikotoka na hati za uraia za mahakama za kaunti.