Naombeni ushauri: ramani ya mialo inanigomea kwenye QGIS

Habari za jioni wakuu. Nipo Mwanza, najifunza GIS (kutengeneza ramani kwa kompyuta) mwenyewe nyumbani kwa programu ya QGIS, mwezi wa pili sasa. Sina mwalimu, nina laptopu ya mkononi na bando la kuunga-unga.

Nilizunguka na simu kuchukua pointi za mialo (sehemu za ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki) kuanzia Igombe hadi Kayenze, nikaziandika kwenye jedwali. Mara ya kwanza nilisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo 2.4, ile inayoonyesha kusini mwa ikweta. Mialo yote ikahamia Uganda, huko karibu na Lira! Nimecheka peke yangu kama chizi. Hilo nimelirekebisha.

Kinachonitesa sasa ni hiki. Nimepata ramani ya zamani ya karatasi, uwiano wa 1:50,000, nikaiskani na kuifunga kwa kona zake nne, yaani kuiambia QGIS koordineti za kila kona. Nikiweka pointi zangu juu yake, zote zinasogea kusini kama mita 300. Zote, kwa umbali uleule, kwa hiyo siamini kwamba ni simu. Pembeni ya ramani pameandikwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa koordineti wa huku Afrika Mashariki. Simu inatumia WGS 84, mfumo wa GPS. Wakati wa kuifunga mimi nilichagua WGS 84 UTM kanda ya 36 Kusini (koordineti za mita za eneo letu), maana ndiyo niliyoizoea.

Je, niifunge upya kwa Arc 1960 halafu QGIS igeuze yenyewe, au nisogeze pointi kwa mkono? Hiyo ya pili naiona kama kudanganya.

Na aliyeanzia sifuri kama mimi, ulianza na nini? Video zinamaliza bando.