Dola 2,000 za "kushika nafasi" chuo cha meno zimeliwa, halafu wananiambia ndio utaratibu!

Wakuu, salaam. Nina siku tatu silali vizuri. Naandika hapa kwa sababu najua wapo wazazi wenzangu wa huku Marekani ambao watoto wao wako njia hii hii ya udaktari wa meno.

Bintiangu alikubaliwa Desemba. Chuo binafsi, jimbo la mbali. Tulivyoisoma ile barua ya hongera mama yake alilia, na mimi sikuwa mbali. Tukashuka chini kidogo: ana siku 30 kulipa dola 1,000 za kushika nafasi, na 1,000 nyingine mwanzoni mwa Machi. Hazirudi kwa sababu yoyote ile. Akienda zinakatwa kwenye ada, asipoenda ni zao.

Wenyewe wanaiita dipoziti. Sisi tuna arubuni, na arubuni naielewa vizuri, nimenunua kiwanja kwa arubuni. Unampa mwenye mali kidogo ili asimuuzie mwingine wakati unatafuta zilizobaki. Lakini mtoa arubuni kiwanja ameshakanyaga, bei ameshaambiwa. Huyu mtoto Desemba ile bei hajaijua! Barua ya msaada wa fedha ilikuja mwishoni mwa Februari. Kama kuna punguzo au hakuna, kama mikopo inatosha au haitoshi, hakuna aliyetujibu kabla ya hapo. Nilipiga simu mara nne. Kila mara naambiwa ofisi ya mikopo itawasiliana nanyi, huku ofisi ya udahili inatuma ukumbusho kila wiki kwamba siku zinaisha. Kwenye kudai walikuwa wepesi sana.

Na mwaka huu ndio mbaya kuliko yote iliyopita. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imefuta ule mkopo wa serikali wa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Zamani mwanafunzi alikopa serikalini mpaka gharama yote ikajaa. Sasa kwa fani kama meno mwisho ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Chuo chenyewe, ukiweka ada, vifaa, kodi ya nyumba na chakula, ni zaidi ya 100,000 kwa mwaka. Piga hesabu miaka minne. Zilizobaki ukakope benki, na benki inataka mdhamini mwenye historia nzuri ya mikopo. Mdhamini ni mimi, ninayefanya kazi ghala usiku na kuendesha gari wikendi. Sasa mtu kama mimi anaambiwaje aweke pesa isiyorudi kabla hajajua kama benki itamkubali?

Tukalipa. Mngefanya nini? Ni barua pekee aliyokuwa nayo mkononi. Kabla ya hapo mtihani wa DAT, ule wa kuombea vyuo vya meno, ulishakula zaidi ya dola 500, na fomu za maombi zaidi ya 250 kwa chuo cha kwanza na zaidi ya 100 kwa kila kilichofuata. Aliomba tisa. Ile 1,000 ya kwanza ilitoka kwenye mchezo wa mama yake, zamu aliyoisubiri mwaka mzima.

Aprili, chuo cha serikali cha jimbo letu, kilichokuwa kimemweka kwenye orodha ya kusubiri, kikamwita. Tofauti ya gharama kwa miaka minne ni zaidi ya dola 150,000, na analala nyumbani. Akakubali siku hiyo hiyo, na akawaandikia wale wa kwanza asubuhi yake, kwa heshima zote, ili nafasi apewe mwingine. Tukaomba warudishe hata ile ya Machi. Jibu la kwanza: sera haibadiliki. La pili: mlisaini. Basi.

Najua kuna atakayesema, mzee umeokoa laki na nusu ya dola unalia na elfu mbili. Ndugu yangu, hivyo ndivyo wanavyotegemea tufikiri. Wanajua mwenye akili ataziacha aende kwenye unafuu, na zile zinabaki kwao bila kumfundisha mtoto hata saa moja. Kiti chenyewe hakikai wazi, foleni ya wanaosubiri ipo na anayeingia naye analipa yake. Sasa hasara waliyopata ni ipi hapo?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba inawezekana kufanya vingine. Upande wa udaktari wa kawaida, mwongozo wa AAMC, chama cha vyuo vya udaktari, unavitaka vyuo visitoze zaidi ya dola 100 na viirudishe kwa anayejitoa kufikia Aprili 30. Mia moja! Nchi ile ile, vijana wa umri ule ule. Huyu anayekwenda kutibu moyo analindwa, anayekwenda kutibu meno anakamuliwa.

Na wanasema pesa hii inazuia watu kushikilia nafasi nyingi. Uongo. Bintiangu anamjua mwenzake ambaye baba yake ana kliniki, kalipia vyuo vitatu na kuvishikilia vyote mpaka Aprili, anachagua taratibu. Mwenye nazo haimzuii chochote. Anayezuiwa ni yule ambaye akishalipa mara moja hana ya pili, kwa hiyo hata chuo kizuri zaidi kikimwita Februari anakiacha, kwa sababu elfu zake zimeshanasa kule. Wawili wa kanisani kwetu yamewakuta hayo hayo.

Wenye watoto wanaoomba mzunguko ujao, kabla ya kutuma fomu mpigieni kila chuo muulize: ni kiasi gani, inalipwa mara ngapi, inarudi mpaka tarehe ngapi. Havifanani hata kidogo, na kwenye matangazo yao hayo wanayaweka mwisho kabisa.

Mimi barua ya tatu naiandika leo, hii inakwenda kwa mkuu wa chuo mwenyewe. Aliyewahi kurudishiwa, hata nusu, naomba aniambie alimwandikia nani na alisema nini.