Mkrismasi umeota uyoga mgumu shinani, kuna dawa?

Kijana wa Chumbageni:
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Nipo Tanga. Uani kuna mkrismasi aliouotesha marehemu baba mwaka 1994, mwaka niliozaliwa. Masika haya, chini kabisa ya shina, pameota uyoga mgumu kama ubao: mgongo wa kahawia, ukingo mweupe, juu yake vumbi kama kakao. Upande huohuo tulipitisha bomba la maji miaka mitatu nyuma, na fundi alikata mizizi miwili minene kama paja. Majani ni tele, na Desemba ulichanua kama kawaida. Mama hataki kusikia habari ya msumeno.

Jembe Halimtupi:
Bandua, paka mrututu na chokaa. Wa kwetu ulipona.

Mzee wa Kitalu:
Marahaba kijana. Mrututu hautafika ugonjwa ulipo. Unachokiona ni tunda tu. Kuvu yenyewe imo ndani, na maelezo yako yanafanana sana na Ganoderma, kuvu inayoozesha miti. Ukibandua, utaota mwingine. Pengine iliingilia kwenye hiyo mizizi iliyokatwa. Inakula kiini cha shina na mizizi inayoushikilia mti, huku maji yakiendelea kupanda kupitia tabaka la nje. Ndiyo maana majani yanakudanganya. Gonga shina kwa nyundo kuzunguka pande zote, usikilize. Kisha chokonoa kwa nondo nyembamba pale karibu na uyoga. Na ukikuta tundu usilizibe kwa saruji (mafundi wetu wanavyoipenda!), hairudishi nguvu za mti.

Kijana wa Chumbageni:
Upande wa bomba unalia kama ngoma. Nondo imezama shubiri nzima bila kusukuma sana, imetoka na nyuzinyuzi nyeupe zilizolowa. Tawi kubwa limelalia chumba cha mama, na bembea ya watoto ipo hukohuko.

Jembe Halimtupi:
Aisee. Wa kwetu haukuwa hivyo. Futa ushauri wangu.

Mzee wa Kitalu:
Bembea ishuke leo. Nenda halmashauri ya jiji kwa afisa mazingira aje aone, upate kibali, kisha tafuta wakataji wa kushusha matawi kwa kamba. Kisiki na mizizi ving'olewe, maana kuvu hubaki humo miaka. Mwambie mama aokote maganda yaliyokauka. Mbegu ni ngumu: mimina maji ya moto, zilale humo usiku kucha, ndipo uoteshe. Lakini si shimo lilelile.