Nimepandishwa cheo, sasa nikipiga magoti maneno hayaji

Mama Neema, Muyeye
Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni mhasibu kwenye hoteli moja hapa Malindi, mama wa watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Kuanzia mwezi ujao nitasimamia ofisi nzima ya hesabu. Mshahara unapanda, ila msimu wa wageni ukianza, Disemba hadi Machi, baadhi ya Jumapili nitakuwa kazini.

Nilipowaeleza akina mama wenzangu kanisani, mmoja akanisomea Mithali 31, akasema mke mwema hushinda nyumbani kwake. Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu hapo nikiomba naishia "Baba yetu" tu. Nyumbani mimi ni Mama Neema, kazini madam, kanisani mweka hazina. Usiku nikiloweka blauzi ya kazi iliyorowa maziwa najiuliza, hayo yote yakiondolewa, mbele za Mungu mimi ni nani? Mume wangu ananiunga mkono. Sitaki kuacha kazi, wala sitaki kumwacha Mungu wangu. Nishaurini.

Bibi wa Kakuyuni
Hongera mwanangu, na pole. Hiyo Mithali 31 isome yote. Yule mwanamke anaangalia shamba na kulinunua, anapanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake, anatengeneza nguo za kitani na kuziuza. Mstari wa 15 unataja wajakazi wake, kwa hiyo hata yeye alisaidiwa. Anayeisoma ili kumfungia mtu ndani ameruka mistari. Na wewe usiigeuze kuwa orodha ya kazi za kumaliza kwanza ndipo Mungu akupende.

Muuguzi wa Barani
Dada, unalala saa ngapi? Eliya alipochoka hadi akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena (1 Wafalme 19). Ukiona huzuni haikatiki, unalia ovyo, au hata mtoto humtaki, nenda kliniki upesi. Huo ni ugonjwa unaotibika, haumaanishi imani imepungua.

Halafu kazini dai haki yako. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na choo hakikubaliki. Una muda wa hadi saa moja katika kila saa nane za kazi, na unalipwa.

Baba Kadzo
Mimi naogopa kidogo. Nimefanya kazi hotelini, najua msimu unavyotanuka. Utaanza na Jumapili chache, Pasaka ikifika wataomba zote. Kabla hujasaini, zamu ziandikwe. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, omba iwe Jumapili kila inapowezekana. Cheo chukua, lakini chukua kwa maandishi.

Ukhti wa Shela
Mniwie radhi, mimi ni Mwislamu. Jirani yangu Mkristo yuko katika hali kama yako. Akiwa zamu, mwanawe anashinda kwetu, anakula mbaazi na wanangu. Mwambie jirani yako, mama. Pengine anangoja umwambie.

Mama Mchungaji
Binti yangu, nenda 1 Samweli 1. Hana ndiye mwanamke tunayemtaja kila tukihubiri maombi. Kila mwaka alipanda Shilo na mumewe kutoa dhabihu. Alipomzaa Samweli hakupanda, akasema atangoja hadi mtoto aachishwe ziwa. Elkana akamwambia afanye aonavyo vema. Sadaka ya mwaka ilimpita na hakuna aliyemwambia amemwacha Mungu. Kunyonyesha kulikuwa sehemu ya nadhiri yake, maana alikuwa anamlea yule aliyemwombea.

Unauliza wewe ni nani. Isaya 43 Mungu anasema amekuita kwa jina lako, wewe ni wake. Jina lako lile ulilobatizwa nalo, kabla ya Neema kuzaliwa na kabla ya cheo. Ukikosa maneno, keti na mtoto kifuani umtajie Mungu jina hilo. Inatosha kwa sasa.

Uweka hazina mwachie mwingine hadi mtoto aache ziwa. Huo ni utumishi tu, utaurudia.

Mama Neema, Muyeye
Asanteni sana, nimelia hapa ofisini. Cheo nakichukua, na zamu nitaomba ziandikwe. Mama Mchungaji, daftari la hazina nimkabidhi mwenyekiti moja kwa moja, au nisubiri kikao cha mwisho wa mwezi?

Mama Mchungaji
Subiri kikao, mkague hesabu pamoja mbele ya wote. Na mtoto uje naye.