Madumu, mapipa au simtanki? Akiba ya maji ya siku 7 kwenye ghorofa, Tabata

Mpangaji_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo. Tuko watu watano, tumepanga ghorofa ya pili. Mgao ukianza maji yanakata siku kadhaa, kwa hiyo nataka akiba ya siku 7 nisihangaike na boza wala mikokoteni. Sokoni kuna madumu ya njano yaliyotoka na mafuta ya kula, mapipa ya bluu ya lita 200, na simtanki la lita 500 ambalo balkoni yangu inalitosha. Nichukue kipi? Nioshe vipi, na maji yakae muda gani kabla ya kuyabadilisha?

FundiBomba_Buguruni

Mkuu, simtanki balkoni hapana. Lita 500 ni kilo 500, bado tanki lenyewe. Kitako chake kina upana wa kama sentimita 90, yaani eneo la mita ya mraba 0.64 hivi, kwa hiyo unaibebesha sakafu karibu kilo 800 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 tu, na balkoni nyingi zimening'inia bila nguzo mbele. Kuvunjika, huenda isivunjike leo. Nyufa huanzia juu, pale slabu inapokutana na ukuta, na vigae vinazificha. Tanki la ukubwa huo mahali pake ni chini, juu ya zege, kwa makubaliano na mwenye nyumba.

Juu kwako tumia madumu ya lita 20. Yapange mstari mmoja kando ya kuta, ugawe vyumba viwili au vitatu, usiyarundike katikati ya sebule. Dumu moja hata mtoto mkubwa analibeba, na likichafuka umepoteza lita 20 badala ya akiba yote.

Hesabu: kunywa na kupika, weka lita 5 kwa mtu kwa siku. Watu 5 kwa siku 7 ni lita 175, sawa na madumu 9. Kuoga kwa kopo, vyombo na choo, lita 10 kwa mtu, ni lita 350 nyingine. Hayo ya pili hayahitaji chombo cha hali ya juu, ila yatenge kabisa na uyawekee alama ya rangi, kwa sababu usiku taa zikiwa zimezimika mtu atachota popote.

AfyaMazingira_Dar

Nakubaliana na fundi. Naongeza la vyombo, maana wengi huangalia bei na ukubwa wakati swali la kwanza ni chombo kilibeba nini kabla.

Geuza kitako utafute pembetatu yenye namba. Namba 2 ndiyo plastiki ngumu ya madumu, inafaa. Namba 1 na 5 pia zinafaa. Alama ya glasi na uma inaonyesha plastiki imetengenezwa kwa ajili ya chakula. Lakini namba haifuti historia: dumu namba 2 lililobeba dawa ya shambani, petroli, oili au tina halifai hata ukilichemshia sabuni wiki nzima, kwani plastiki hunyonya kemikali hizo na kuzitoa polepole ndani ya maji.

Mapipa ya bluu ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Ukiona yamechapwa UN 1H1 au 1H2, usidhani ni alama ya ubora wa chakula. Maana yake ni kwamba pipa limepimwa kubeba bidhaa hatari. Chakula nacho huweza kusafirishwa humo, lakini muuzaji akishindwa kukuonyesha lebo ya kilichokuwemo, liache, au liwe la choo na kudekia tu.

Madumu ya mafuta ya kula yanafaa kwa masharti. Mafuta yaliyobaki huchacha, na utando wake unamaliza klorini kabla haijaua vijidudu. Weka lita 3 za maji ya moto (yasichemke, plastiki itajikunja) na vijiko viwili vya sabuni ya unga, funga, tikisa kwa nguvu, liache saa moja, mwaga, rudia hadi maji yatoke bila matone ya mafuta juu. Usitie mchanga wala kokoto ndani ili kusugua. Zinachora plastiki, na utando wa kuteleza hujificha humo kwenye mikwaruzo. Mfuniko ununue mpya. Washa ya mpira hushika harufu na haiachii.

Baada ya sabuni, suuza, kisha tia klorini: mililita 6 za dawa ya maji ya klorini ya asilimia 3.5 (Jik ya kawaida na mfano wake, soma lebo) kwa kila lita 1 ya maji. Lita 2 zinatosha dumu moja. Zungusha ziguse kila pembe, shingo na mfuniko, subiri dakika 30, mwaga, suuza.

Kijitonyama_7

Mimi ningeongeza tu: ukitaka maji yakae muda mrefu, tia Jik nyingi, kifuniko kizima kwa dumu. Hayaharibiki kamwe.

AfyaMazingira_Dar

Hapana ndugu yangu, hicho ni kipimo cha kuoshea chombo. Kwa maji ya kunywa yaliyo angavu, lita 20 zinahitaji mililita 1.2 ya dawa ya asilimia 3.5. Pima kwa bomba la sindano la mililita 2 kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe. Yakiwa na ukungu, yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi chenye mikunjo minne, ndipo utie mililita 2.4. Funga, subiri dakika 30, harufu hafifu ya klorini ibaki. Isipobaki, rudia kipimo hicho mara moja tu. Ikigoma tena, maji hayo ni machafu mno, yapeleke chooni. Tumia isiyo na marashi wala sabuni, na usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, mvuke wake unaumiza mapafu.

Vidonge ni rahisi zaidi. Angalia uzito kwenye pakiti: cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji angavu.

Na klorini hata ukizidisha haikai milele. Joto la Dar linaimaliza upesi, na dawa yenyewe hudhoofika kwenye chupa. Andika tarehe kwenye dumu, tumia la zamani kwanza, jaza jipya nyuma. Ukizungusha hivyo kila mwezi au miwili, hutakuwa na maji ya kumwaga.

FundiBomba_Buguruni

Kitu kimoja husahaulika. Maji yakirudi baada ya mgao, usijaze akiba papo hapo. Bomba likiwa tupu huvuta maji machafu ya mtaro kupitia sehemu zinazovuja. Acha yatiririke kwenye ndoo ya choo hadi yawe angavu, ndipo ujaze, na bado utie klorini.

Usihifadhi madumu karibu na mafuta ya taa au petroli, mvuke hupenya plastiki. Juani pia hapana.

Mama_Segerea

Msisahau mbu. Wa dengue hutaga ndani ya nyumba, ukutani mwa ndoo na mapipa, juu kidogo ya usawa wa maji, na Dar tumeshaona milipuko, 2014 na 2019. Mayai hayo hustahimili ukavu miezi kadhaa, kwa hiyo kumwaga maji pekee hakusaidii; sugua kuta kwa brashi kila wiki, maana siku 7 hadi 10 zinatosha yai kuwa mbu. Dumu lenye shingo nyembamba na mfuniko halina shida hiyo. Shida ni pipa la wazi lenye kata inayoelea, na kila mkono unaoingia unapeleka uchafu. Ya kunywa yamiminwe kwenye ndoo yenye koki.

Mpangaji_Tabata

Asanteni sana. Basi ni madumu 9 ya kunywa, na mwenye nyumba nitamwomba nafasi ya tanki chini. Je, naweza kulijaza maji ya kisima cha jirani? Yana chumvi.

FundiBomba_Buguruni

Kwa choo, kudeki na kufua, ndiyo. Kunywa hapana: klorini haitoi chumvi, na kuchemsha kunaizidisha kwa sababu maji hupungua chumvi ikabaki. Tanki likae juu ya jukwaa lililosawazika kitako kizima, siyo mbao zenye nafasi katikati. Funga koki ya plastiki badala ya chuma, tundu la kutolea uchafu chini kabisa, na wavu wa mbu kwenye bomba la kufurikia. Kuua vijidudu ndani yake likiwa jipya: lijaze, tia mililita 700 za ile dawa ya asilimia 3.5, fungulia kila koki hadi usikie harufu, funga, liache usiku kucha, halafu maji hayo yaishie kudekia.